Vilivyomo Ndani ya 61,741,120
Mhadhara kwa wakazi wa Mwananyamala, Kinondoni, Dar es Salaam

Nawaona walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni ili mkichoka muondoke bila kuonekana.

Nimekuja na namba moja. Tarehe 31 Oktoba 2022, katika Uwanja wa Jamhuri mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza idadi ya watu waliohesabiwa katika sensa ya mwaka ule: 61,741,120. Redio ziliisoma yote, magazeti yakaichapa yote, kisha sisi wa mitaani tukaikata mkia. Ukimuuliza mtu pale Komakoma Watanzania ni wangapi, atakujibu "milioni sitini na moja", basi. Hizo 741,120 tulizozitupa ni zaidi ya mara mbili ya wakazi wote wa Kigamboni.

Siwalaumu. Kwa mazungumzo ya kibarazani milioni 61 inatosha kabisa. Ila kwa shughuli yetu ya leo haitoshi, kwa sababu namba iliyokadiriwa haina tabia za kwake. Ukisema milioni 61, vigawo utakavyovikuta humo vimewekwa na wewe mwenyewe uliyezipanga zile sifuri sita. Nataka namba nzima, mpaka ile 120 ya mwisho, tuone imejengwa kwa nini.

Tuanze kwa kuigawa kwa mbili. Fikirini tunaandaa mashindano ya mtoano kama yale ya ndondo, lakini badala ya timu tunawaingiza watu wote wa sensa, mmoja kwa mmoja, akifungwa anakwenda nyumbani. Raundi ya kwanza kila mtu anapata mpinzani, wanabaki 30,870,560. Ya pili, 15,435,280. Kisha 7,717,640, kisha 3,858,820, kisha 1,929,410. Raundi ya sita inapokwisha wamebaki 964,705, na hapo ndipo kamati ya mashindano inaanza kukuna kichwa, maana namba hiyo ni witiri: mtu mmoja hana mpinzani. Mpaka hapo tumegawa kwa mbili mara sita bila baki hata kidogo. Si jambo la kila siku. Katika kila namba 64 zinazofuatana ni moja tu inayovumilia hivyo.

(Anayetaka kujua mechi zote zitakuwa ngapi mpaka bingwa apatikane asihangaike kujumlisha raundi. Kila mechi inatoa mtu mmoja, na lazima watoke wote isipokuwa mmoja. Ni mechi 61,741,119.)

Turudi kwa 964,705. Inaishia na 5, kwa hiyo gawa kwa tano: 192,941. Jaribu tatu, jumla ya tarakimu zake ni 26, haigawanyiki. Jaribu saba: inakubali, tunapata 27,563. Kuanzia hapa hakuna njia ya mkato, unajaribu namba tasa moja baada ya nyingine. Saba tena, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, zote zinakataa, na zinaendelea kukataa mpaka 41. Halafu 43 inaingia barabara, na jibu ni 641.

Je, 641 nayo inavunjika? Hapa kuna siri ambayo wanafunzi wengi hawaambiwi mapema. Huhitaji kujaribu kila namba iliyo chini ya 641. Kama namba inagawanyika, basi kimojawapo cha vigawo vyake hakizidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha 641 ni 25 na ushee. Unajaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23, basi. Zote zinaacha baki. 641 ni namba tasa. Orodha ya namba tasa za kujaribia alitufundisha kuichekecha Eratosthenes, Mwafrika wa Kaskazini kwa kuzaliwa, mtu wa Kurene katika Libya ya leo, aliyefanya kazi Aleksandria nchini Misri karne ya 3 kabla ya Kristo. Unaandika namba kwa mfululizo, unafuta vigawe vya mbili, vya tatu, vya tano, na kuendelea. Zinazobaki kwenye chekeche ndizo tasa.

Kwa hiyo hii hapa namba ya sensa, imefunguliwa mpaka mwisho:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641.

Hakuna njia nyingine ya kuiandika kwa namba tasa. Unaweza kubadili mpangilio, ukaanza na 641 ukamalizia na 2, lakini viungo ni hivyo hivyo daima. Ukivizidisha kwa kila namna utapata vigawo 112, ukihesabu 1 na namba yenyewe. Na hiyo 112, ambayo wengi mnaijua kwa kupigia simu ya dharura, nayo ni kigawo: watu wote wa sensa wakigawanywa kwenye makundi 112 yaliyo sawa, kila kundi litakuwa na watu 551,260 kamili. Namba ambayo hesabu ya vigawo vyake ni kigawo chake si za kuokota barabarani.

Sasa naomba mnivumilie kidogo kwa hii 641, kwa sababu ni namba yenye jina lake katika historia.

Mfaransa Pierre de Fermat, karne ya 17, alitazama namba hizi: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo fulani, kisha ukaongeza moja. Na vipeo vyenyewe ni 1, 2, 4, 8, 16, kila kimoja maradufu ya kilichotangulia. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini kwamba mfululizo huo utaendelea kutoa namba tasa bila kikomo. Inayofuata ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza moja: 4,294,967,297. Nani angekaa kuijaribu hiyo kwa kalamu ya unyoya? Ilikaa karibu miaka mia. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg, akaonyesha kwamba inagawanyika. Kigawo chake ni 641, na kigawo mwenzake ni 6,700,417. Imani ya Fermat ikaishia hapo, na mpaka leo hakuna aliyepata namba tasa ya sita ya aina ile.

Uthibitisho unaingia kwenye kiganja, na nitauweka hapa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari waliopo. 641 ni 640 na moja, na 640 ni 5 × 128, yaani 5 mara 2 kwa kipeo cha 7. Kwa hiyo 640 imepungukiwa moja tu kufika 641. Tuseme baki yake ni hasi 1. Ipandishe kwa kipeo cha nne: hasi 1 ikizidishwa yenyewe mara nne inakuwa 1. Basi 5 kwa kipeo cha 4, mara 2 kwa kipeo cha 28, inaacha baki 1. Lakini 5 kwa kipeo cha 4 ni 625, ambayo imepungukiwa 16 kufika 641, na 16 ni 2 kwa kipeo cha 4. Weka hasi 16 mahali pa 625, na utaona kwamba hasi ya 2 kwa kipeo cha 32 inaacha baki 1. Yaani 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza moja, haiachi kitu. Kazi imekwisha, na hatujaigusa ile namba ya tarakimu kumi hata mara moja. Mimi hupenda uthibitisho huu kuliko mwingine wowote wa ukubwa wake, na sioni haya kusema hivyo mbele ya watu.

Mmeona 640 ilivyofanya kazi yote? Turudi Dodoma nayo. Katika namba ya sensa tuna 2 sita na 5 moja, ambazo pamoja ni 320, nusu ya 640, na kando yake imekaa 641. Kila aliyefundishwa kujumlisha mfululizo anajua kwamba 1 + 2 + 3 na kuendelea mpaka 640 ni nusu ya 640 mara 641. Hiyo ni 320 × 641, yaani 205,120. Vigawo vilivyosalia, 7 na 43, vinatoa 301. Kwa hiyo:

61,741,120 = 301 × (1 + 2 + 3 + … + 640).

Tafsiri yake kwa miguu ni hii. Wapange watu uwanjani: mbele asimame mmoja, nyuma yake wawili, nyuma yao watatu, mpaka safu ya 640 yenye watu 640. Hiyo ni pembetatu moja. Tengeneza pembetatu 301 za namna hiyo, na kila mtu aliyehesabiwa Tanzania, kuanzia mtoto mchanga wa Kigoma hadi bibi wa Micheweni, atapata nafasi yake. Hatabaki mtu nje, wala pengo halitabaki ndani.

Na sasa niwaharibie starehe. Hapo juu ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, na wodi yake ya wazazi hailali. Chukueni kwamba karani wa sensa wa mwisho amefunga kishikwambi chake, jumla imekamilika, halafu mtoto mmoja akazaliwa pale. Namba sasa ni 61,741,121. Mbili haigawi. Tano haigawi. Saba, 43, 641, hakuna hata moja inayogawa. Pembetatu zote 301 zimevunjika. Namba mpya inagawanyika kwa 13, ambayo haikuwamo kabisa katika ile ya kwanza: 13 × 4,749,317. Na kama badala ya kuzaliwa mtu angefariki, tungepata 61,741,119, inayogawanyika kwa 3.

Hii ni sheria, haina ubaguzi: namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Kama kitu kinagawa zote mbili, lazima kigawe tofauti yao, na tofauti yao ni moja. Euclid aliitumia fikra hii hii kuonyesha kwamba namba tasa hazina mwisho: zidisha namba tasa zote unazozijua, ongeza moja, na vigawo tasa vya jibu vitakuwa vigeni kabisa.

Tuipime kwa saa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Kati ya sensa zile mbili tuliongezeka watu 16,812,197. Ukigawa miaka hiyo kumi kwa wastani, inatoka mtu mmoja wa ziada kila sekunde 19 hivi. Kwa hiyo hata kama hesabu ilikuwa sahihi kwa mtu wa mwisho, namba yenye 641 ndani yake iliishi, kwa wastani huo, sekunde 19. Ndiyo maana sensa huwekewa usiku mmoja wa rejea, kwetu ukiwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na karani anayekuja siku tatu baadaye huuliza nani alilala hapa usiku ule, hata kama kuhesabu kwenyewe kunaendelea kwa siku kadhaa. Bila kuisimamisha saa kwa makubaliano, hakuna namba ya kuzungumzia.

Mpaka sasa nimesema juu ya vigawo. Vigawo ni mali ya namba yenyewe. Iandike kwa tarakimu za Kirumi, iandike kwa sifuri na moja kama zinavyofanya kompyuta, 641 itabaki humo. (Kwa sifuri na moja ingechukua nafasi 26, na sita za mwisho zingekuwa sifuri, kwa sababu ya zile mbili sita za mtoano wetu.) Zipo tabia nyingine zinazotokana na namna tunavyoandika tu, kwa mafungu ya kumi, na hizi ndizo zinazopenda kutuchezea akili.

Tazameni tarakimu nne za mwanzo: 6174. Kwa wapenzi wa namba hiyo ni maarufu. Mwalimu wa shule nchini India, Dattatreya Ramchandra Kaprekar, aliyefundisha Devlali, aliivumbua tabia yake mwaka 1949. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi tarakimu zake zisiwe zote sawa. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kutoka ndogo kwenda kubwa, toa ya pili kwenye ya kwanza. Rudia na jibu ulilopata. Haitazidi mara saba, utafika 6174, na ukifika hutoki tena, maana 7641 toa 1467 ni 6174.

Tuujaribu mwaka wa sensa, 2022. 2220 toa 0222 ni 1998. 9981 toa 1899 ni 8082. 8820 toa 0288 ni 8532. 8532 toa 2358 ni 6174. Hatua nne. Mwaka 1967, wa sensa ya kwanza baada ya Muungano, unafika kwa hatua tatu. Mwaka 1964, wa Muungano wenyewe, unachukua sita. Na 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, unakwenda hatua zote saba: 8442, 5994, 5355, 1998, 8082, 8532, 6174. Kaprekar hakuwa profesa. Baadhi ya wasomi wa nchini kwake walimwona mtu wa michezo tu, mpaka Mmarekani Martin Gardner alipomwandika mwaka 1975 na ulimwengu ukamfahamu.

Subirini, haijaisha. Idadi ya watu wa Mkoa wa Dar es Salaam katika sensa ile ile ni 5,383,728. Ifungueni kama tulivyofungua ya taifa: mbili nne, tatu mbili, saba tatu, na 109. Na 6174 yenyewe ni 2 × 3 × 3 × 7 × 7 × 7. Mnaona? Yote imo. 6174 × 872 ni 5,383,728 kamili. Namba ya taifa inaanza na 6174, na namba ya mkoa wetu inagawanyika kwa 6174 bila baki.

Nikiishia hapo, nikavaa kanzu nzuri na kuweka meza pale Kwa Kopa, nitapata wateja. Namba ya mwalimu Mhindi imejificha katika taifa na katika jiji kwa pamoja. Hii lazima iwe ishara! Wanaokesha na mikeka ya kubeti wangeniuliza tarakimu za kesho.

Ni sadfa. Uwezekano wa namba kubwa yoyote kugawanyika kwa 6174 ni mmoja kati ya 6,174, na hilo linasikika kama muujiza mpaka uulize swali la pili: mimi ninayewahutubia nilitazama vitu vingapi kabla ya kuwaletea hiki? Taifa lina mikoa 31. Lina wilaya, lina wanaume na wanawake, lina Bara na Zanzibar. Kila namba ya hayo yote ina vigawo, ina jumla ya tarakimu, ina jirani zake wawili. Na namba maarufu za kufananishia ni mamia. Ukizungusha orodha hizo mbili una maelfu ya nafasi za kukutana na kioja. Kioja kimoja cha aina hii kinatarajiwa. Cha ajabu kingekuwa kukikosa. Sadfa haiondoi uzuri wake, nami niliipenda nilipoiona, ila haisemi neno lolote kuhusu Dar es Salaam.

Kuna jambo lingine la tarakimu, hili lina faida mfukoni. Kwa nini mchezo wa Kaprekar hutoa daima majibu yanayogawanyika kwa tisa? Jumlisheni tarakimu za 1998, 8082, 8532: zinatoka 27, 18, 18. Sababu ni kwamba 10 ikigawanywa kwa 9 inabaki 1, na 100 inabaki 1, na 1,000 hivyo hivyo. Kwa hiyo mbele ya tisa, tarakimu haijali imekaa nafasi gani. Ukizipanga upya, baki haibadiliki. Ukitoa moja kwenye nyingine, baki zinafutana.

Wakala wa pesa kwa simu aliye makini anaijua hii hata kama hakuisomea. Jioni daftari na droo havilingani, tofauti ni shilingi 27,000. Kabla ya kumshuku kijana wake, anagawa kwa tisa. Inagawanyika. Basi anatafuta kwanza mahali palipogeuzwa tarakimu: 85,000 iliyoandikwa 58,000. Si lazima iwe hivyo, fedha inaweza kuwa imeibwa kweli, lakini ni pa kuanzia pazuri, na pameokoa ajira za watu.

Wanahisabati wa Kiarabu wa zama za kati walitumia tisa kukagua majumlisho. Tukague ya kwetu. Kinondoni ina watu 982,328. Jumlisha tarakimu zake, toa tisa zote, inabaki 5. Ubungo 1,086,912, haibaki kitu. Ilala 1,649,912, inabaki 5. Temeke 1,346,674, inabaki 4. Kigamboni 317,902, inabaki 4. Tano na tano na nne na nne ni 18, yaani haibaki kitu. Na 5,383,728 ya mkoa? Tarakimu zake zinajumlika 36. Haibaki kitu. Inakubali. Kwa taifa, Bara 59,851,347 inabaki 6, Zanzibar 1,889,773 inabaki 7, jumla 13, yaani 4. Na 61,741,120 inajumlika 22, yaani 4. Hata wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130 wanatoa 7 na 6 zile zile.

Ila msiitegemee tisa kupita kiasi. Inanasa makosa mengi, lakini lile kosa la kugeuza tarakimu, ambalo ni la kawaida sana, linapita mbele yake bila kuonekana, kwa sababu ile ile inayomsaidia wakala. Anayetaka kuwa salama aongeze jaribio la kugawa kwa 11, ambalo linajali nafasi.

Na yapo ambayo hakuna jaribio la tarakimu linaloyagusa. Jumla inaweza kukubaliana na sehemu zake zote na bado watu wakawa wamerukwa, wale wanaolala sokoni na vituoni. Upande huo namba haijitetei yenyewe. Mahali ambapo tarakimu huwasema watu kweli ni kwenye umri. Katika sensa nyingi za Afrika Mashariki, ukichora umri wa watu mwaka kwa mwaka, unaona vilima kwenye 30, 35, 40, 45, 50, na mabonde kwenye 31 na 49. Watu hawakuzaliwa kwa mafungu ya tano. Mzee anaulizwa umri, anatazama dari, anasema "weka sitini". Watakwimu wana vipimo vya kupima vilima hivyo, na vikipungua kutoka sensa moja hadi nyingine ni dalili kwamba vyeti vya kuzaliwa vinaenea. Tabia hiyo ya tarakimu ina maana, kwa sababu tunajua mkono ulioiweka. 6174 haikuwekwa na mkono wa mtu.

Watani zangu wa Temeke waliovuka mji kuja kunisikiliza wameniuliza kama wao wamo. Wamo kuliko tulivyomo sisi. Watu wao 1,346,674 ni 2 × 7 × 43 × 2,237. Tafuteni Kigawo Kikubwa cha Shirika kati yao na taifa, kama mlivyofundishwa shule ya msingi: ni 2 × 7 × 43, yaani 602. Ukipanga Watanzania wote kwenye safu za watu 602, safu ni 102,560, na Temeke peke yake inajaza safu 2,237 bila kumwazima mtu wa wilaya nyingine. Kinondoni ukiipanga hivyo inaacha watu wamesimama pembeni. Hilo nalo ni sadfa, lakini najua litasemwa kwenye daladala wiki nzima.

Sensa hufanyika kila baada ya miaka kumi, kwa hiyo inayofuata ni ya 2032. Kama mwendo utabaki ule wa asilimia 3.2 kwa mwaka, tutakuwa milioni 84 na ushee. Itakuwa shufwa au witiri? Nusu kwa nusu. Itagawanyika kwa saba? Nafasi moja kati ya saba. Itakuwa namba tasa, isiyopangika kwa safu zilizo sawa isipokuwa mstari mmoja mrefu wa mtu nyuma ya mtu? Carl Friedrich Gauss alikisia kanuni ya jambo hilo akiwa kijana, na mwaka 1896 Jacques Hadamard wa Ufaransa na Charles de la Vallée Poussin wa Ubelgiji wakaithibitisha, kila mmoja kwa njia yake: namba tasa hupungua taratibu kadiri unavyopanda, na kwa ukubwa wa milioni 84 ni takriban moja kati ya 18. Sensa ya 2012 haikutoa namba tasa. 44,928,923 inagawanyika kwa 13. Ya 1967, 12,313,469, inagawanyika kwa 7.

Kinondoni yetu, 982,328, sijaifungua mbele yenu kwa makusudi. Vijana wa mlangoni, ambao naona hamkuondoka, inagawanyika kwa mbili mara tatu, kisha itawakatalia mpaka 17. Baada ya 17 ipo kazi ya dakika kumi hivi. Anayemaliza aniletee daftari hapa mbele kabla hatujakunja viti.